Tusihadaike na spesa za magurudumu

Katika gereji za Meru na Embu kuna swali ambalo wenye pikapu huwauliza mafundi kila uchao: je, spesa ni salama? Swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Pikapu katika eneo letu si pambo. Ndiyo ibebayo miraa kutoka Igembe na Tigania, muguka kutoka Mbeere, ndizi kutoka Imenti na viazi kutoka Kibirichia na Timau. Ndiyo pia ibebayo vibarua waendao mashambani, waombolezaji waendao mazishini na, mara nyingine, wanafunzi waendao michezoni. Gurudumu la gari kama hilo likichomoka, wanaoumia si yule tu aliyeamua lifungwe vipi. Aumiaye huenda akawa mtoto aliyekuwa akitembea kando ya barabara na sare yake ya shule.

Kwa faida ya msomaji asiye na mazoea ya gereji, spesa ni kipande cha mviringo cha chuma au alumini kinachotiwa kati ya kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu, na rimu. Kazi yake ni moja tu: kulisogeza gurudumu nje. Nyingine ni nyembamba, za milimita 5 au 6. Nyingine ni nene, za milimita 30 na kuendelea. Ukiiona pikapu ambayo tairi zake zimetokeza nje ya madigadi kana kwamba imetanua miguu, basi ama imefungwa spesa ama imevishwa rimu ambazo si zake.

Wanaozitaka hutaja sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba wamenunua tairi pana, nazo zinagusa springi au vyuma vya usukani wanapokata kona. Ya pili ni kwamba gari linalobeba mzigo mrefu litasimama imara zaidi likipanuliwa. Ya tatu ni kwamba gari hupendeza. Sababu hii ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, ingawa aghalabu ndiyo yenye nguvu kuliko zile mbili.

Kazi yangu mimi ni maneno, wala si nati na boliti. Hata hivyo naona kwamba sehemu ya hatari hii imo ndani ya neno lenyewe. Kiswahili cha gereji kimepokea maneno mengi ya kigeni na kuyapa uraia: breki, klachi, jeki, spana, giaboksi. Maneno hayo yametufaa kwa sababu fundi na mteja wanapoyatamka huwa wanakifikiria kitu kile kile. Neno spesa si la namna hiyo. Linabeba vitu viwili vilivyo tofauti, na tofauti yake yaweza kuwa tofauti ya kufika na kutofika. Ndiyo maana mtu mmoja huapa kwamba spesa hazina neno na mwingine huapa kwamba ni mauti, kumbe hawazungumzii kitu kimoja. Kwa hiyo kabla ya kujibu swali, na tuvitenganishe vitu hivyo viwili. Cha kwanza tukiite spesa bapa. Hiki ni kisahani chenye matundu kinachovishwa juu ya boliti zile zile za gari, kisha rimu ikafuata na nati zikakazwa. Cha pili tukiite spesa ya boliti. Hiki hufungwa kwenye habu kwa nati za gari, nacho kina boliti zake chenyewe ambazo rimu hufungiwa.

Tuanze na spesa bapa, kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kununua na ndiyo mbaya zaidi. Boliti za gurudumu za Hilux nyingi zina kipenyo cha milimita 12, na nati ikizunguka mara moja husogea milimita 1.5. Mazoea ya wahandisi ni kwamba nati ishike meno ya boliti kwa urefu usiopungua kipenyo cha boliti yenyewe. Kwa Hilux hiyo ni milimita 12, yaani mizunguko 8 kamili. Sasa tia spesa bapa ya milimita 6. Boliti haikurefuka, lakini umeifupisha kwa mizunguko 4. Kama nati ilikuwa ikishika mizunguko 10, sasa inashika 6. Kwa macho hakuna kilichobadilika: nati iko mahali pake, imekazwa, inang'aa. Iliyopungua ni nguvu isiyoonekana, nayo haitajulikana hadi siku itakapohitajika.

Hapa yafaa tuondoe dhana moja iliyoenea. Wengi hudhani kwamba boliti hulibeba gurudumu kama msumari unavyobeba koti ukutani. Sivyo. Nati inapokazwa, boliti huvutika kidogo, ikaikandamiza rimu dhidi ya habu kwa nguvu kubwa, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaozuia rimu isiteleze. Mkazo huo ukipungua, rimu huanza kucheza, ingawa kwa kadiri ndogo sana. Boliti nayo huanza kupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka. Kila mwanafunzi amewahi kukata waya kwa kuukunja na kuukunjua. Boliti hukatika kwa njia hiyo hiyo, isipokuwa huchukua wiki badala ya dakika. Kutu, rangi au matope yaliyobaki kati ya spesa na habu husagika gari linapokwenda, na kila kinachosagika hulegeza mkazo.

Spesa ya boliti ni afadhali, lakini haina usalama wa kujivunia. Mahali palipokuwa na kifungo kimoja sasa kuna viwili. Tena kile cha ndani kimefichwa nyuma ya rimu. Dereva anaweza kuzunguka gari lake alfajiri na spana mkononi akakaza kila nati aionayo, asijue kwamba zile sita za ndani zimelegea. Ili azifikie lazima alipige gari jeki na kuling'oa gurudumu. Ni madereva wangapi hufanya hivyo, ilhali mzigo unasubiriwa? Fauka ya hayo, spesa ya namna hii ikiwa nyembamba, ncha za boliti za zamani hutokeza na kuizuia rimu isikae sawasawa, isipokuwa kama rimu ina mashimo ya kuzipokea. Na ikiwa tundu la katikati halikuchongwa kwa kipimo cha habu, ambacho kwa Hilux nyingi ni milimita 106 na ushei, basi gurudumu halishikwi tena na kitovu bali na nati peke yake. Mtetemo katika usukani ndio dalili yake ya kwanza.

Hadi hapa tumezungumza juu ya kufunga. Tuchukulie sasa kwamba spesa ni bora kabisa na fundi ni hodari kabisa. Hapo ndipo somo la fizikia linapoingia. Mtengenezaji wa gari hulipanga gurudumu ili uzito upite karibu na beringi zinazolishika. Ukilisogeza nje umetengeneza wenzo. Tuseme gurudumu moja la nyuma linabeba kilo 500, jambo la kawaida kwa pikapu yenye mzigo, na spesa ni ya milimita 30. Mgeuko unaoongezeka ni sawa na ule wa kuning'iniza kilo 15 kwenye ncha ya fimbo ya urefu wa mita moja iliyochomekwa kwenye habu. Fimbo hiyo haiondolewi usiku wala mchana. Gurudumu likitumbukia katika shimo, uzito waweza kuzidi maradufu kwa nukta moja, na kilo 15 zikawa 30 au zaidi.

Anayelipa ni beringi. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba umri wa beringi hupungua kwa kiasi cha mchemraba wa uzito unaoongezeka. Uzito ukizidi kwa asilimia 20 tu, umri hupungua kwa zaidi ya asilimia 40. Magurudumu ya mbele yana deni jingine: yakiwa yamesogezwa nje, kila shimo na kila jiwe hupata mkono mrefu zaidi wa kuuvuta usukani kutoka mikononi mwa dereva.

Pengine msomaji atasema kwamba hasara hiyo hulipwa na uthabiti, kwa kuwa gari lililotanuka halipinduki kwa urahisi. Hoja hii ina ukweli, na ni haki tuipime. Uthabiti wa gari katika kona hutegemea nusu ya upana kati ya magurudumu ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Chukua pikapu yenye upana wa milimita 1500 na kitovu cha uzito kilicho milimita 700 kutoka ardhini. Spesa za milimita 30 kila upande huufanya upana kuwa 1560, faida ya asilimia 4. Sasa pakia magunia hadi juu ya kibanda cha dereva, kitovu cha uzito kipande hadi milimita 900. Pamoja na spesa zako, uthabiti umeshuka kwa asilimia 19 kutoka pale ulipoanzia. Anayetaka gari lisipinduke na ashushe mzigo na mwendo. Spesa humpa kidogo sana kwa bei kubwa, na juu ya hayo humpa moyo wa kukimbia zaidi.

Moyo huo ni hatari mahali popote, lakini zaidi katika barabara yetu. Kutoka Meru hadi Embu barabara hukata mabonde ya mito iteremkayo kutoka Mlima Kenya kuelekea Tana: Mutonga, Nithi, Ruguti, Thuci, Ena. Kila mto una mteremko, kona, daraja na mpando. Breki hupata moto, uzito huhamia mbele, kisha ubavuni, kisha nyuma. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia katika bonde la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Msiba ule haukuhusu spesa, nami siutaji kwa nia ya kutia hofu. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba barabara hii haimsamehe mtu aliyekuja na gari lenye upungufu. Juu ya hayo, miraa hupoteza nguvu yake siku chache tu baada ya kuchumwa. Hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa. Gari lenye haraka namna hiyo halisimami baada ya kilomita 80 ili nati zikazwe upya, ingawa hilo ndilo sharti la kwanza kwa kila aliyefunga spesa.

Wapo watakaonipinga kwa mifano miwili. Wa kwanza ni Porsche, kampuni ya Ujerumani iliyouza magari yenye spesa tangu kiwandani. Ni kweli. Lakini spesa hizo zilibuniwa na wale wale waliobuni habu, zikapewa boliti ndefu za kutosha, zikafungwa kwenye gari dogo la abiria. Isitoshe, huko Ujerumani mtu binafsi anayetaka kuongeza spesa hutakiwa kutumia zilizoidhinishwa, na kifungo chake kikaguliwe. Wanaomtaja Mjerumani huikumbuka spesa yake, wakamsahau mkaguzi wake.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Ni Land Cruiser ya pikapu ya mfululizo wa 70. Mwaka 2007 Toyota iliupanua upande wa mbele ili kuipokea injini ya V8, ikauacha wa nyuma kama ulivyokuwa, na magurudumu ya nyuma yakabaki finyu kwa karibu milimita 95 kuliko ya mbele. Kama kuna gari lenye udhuru wa kuvishwa spesa, ni hilo. Tazama basi yaliyotokea Australia, nchi ambayo gari hilo ni kipenzi cha wakulima na wachimba madini. Mwongozo wa kitaifa wa kubadilisha magari haukubali spesa kati ya habu na rimu, isipokuwa zile zilizotoka na gari kiwandani. Anayetaka kurekebisha upana wa nyuma hununua ekseli pana iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, akapata na cheti cha mhandisi. Ni ghali, lakini ni njia inayokiri kwamba tatizo la ekseli hutibiwa kwenye ekseli.

Na fundi wa mtaani naye ana hoja yake: amefunga spesa nyingi wala hakuna gurudumu lililochomoka. Simdharau fundi, mafundi wa jua kali ndio wanaolishikilia taifa hili lisisimame. Lakini uchovu wa chuma hauna kelele. Boliti iliyobakiza mizunguko elfu ya uhai hufanana na ile iliyobakiza milioni. Kutokatika jana hakuthibitishi kwamba haitakatika kesho. Mtu anayejenga hoja yake juu ya ajali ambayo bado haijatokea amejenga juu ya mchanga.

Basi jawabu langu ni hili. Spesa bapa haifai kwenye pikapu yoyote ibebayo mzigo au watu. Spesa ya boliti yaweza kuvumilika kwenye gari jepesi, ikiwa ni ya kipimo halisi cha habu, ikiwa imekazwa kwa spana ipimayo mkazo, na ikiwa hukaguliwa kwa kung'oa gurudumu mara kwa mara. Lakini masharti hayo matatu hayatimizwi na pikapu ya kazi katika barabara za Meru na Embu, na kwa hiyo kwa pikapu hiyo jawabu ni hapana. Kama tairi inagusa springi, tairi hiyo si ya gari hilo. Irudishwe ya kipimo chake. Kama rimu haiingii bila spesa, itafutwe rimu inayoingia. Na yule anayetaka gari lake lipendeze, na alioshe.

Sheria haikukaa kimya. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo yenye jukumu la ukaguzi. Tunaiomba itoe mwongozo mfupi juu ya spesa, kwa Kiswahili fasaha ambacho dereva na fundi watakielewa bila mkalimani. Wakenya si watu wasiotii. Waziri John Michuki alipoanza kutekeleza kanuni zake Februari 2004, watu walivaa mikanda na matatu zikatiwa vidhibiti mwendo, kwa sababu kanuni zilikuwa wazi na kila mtu alizijua. Zilipolegezwa ndipo tulipolegea.

Walimu wenzangu, hatuna haja ya kuingoja serikali. Mwalimu wa fizikia anayefundisha wenzo ana mfano ulioegeshwa nje ya lango la shule. Na awape wanafunzi fimbo ya mita moja na mfuko wa vitabu, wausogeze mfuko kutoka mkononi hadi kwenye ncha, waone mkono unavyochoka ilhali uzito ni ule ule. Kisha awaambie kwamba habu ndiyo mkono. Mwalimu wa Kiswahili naye ana kazi, na huenda ikawa kubwa zaidi. Aghalabu maelezo yanayokuja na spesa madukani huwa yameandikwa kwa Kiingereza au Kichina. Humo ndimo mlimo onyo la kusafisha habu, kipimo cha kukazia nati na umbali wa kwenda kabla ya kukaza upya. Fundi asiyeweza kuyasoma huitupa karatasi pamoja na boksi. Darasa likiitafsiri karatasi moja kama hiyo, na tafsiri ikabandikwa ukutani katika gereji iliyo jirani na shule, Kiswahili kitakuwa kimefanya kazi ambayo hakuna mtihani unaoweza kuipima.

Nanyi wanafunzi, wengi wenu mtasafiri nyuma ya pikapu kabla ya muhula kwisha. Mkiona tairi zimetokeza nje ya madigadi, muulizeni dereva ni spesa ya aina gani, na nati za ndani zilikazwa lini. Akishindwa kujibu, shukeni mtafute gari jingine. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini nati zilizofichika nyuma ya rimu hazionwi na macho. Hizo huonwa na yule anayeuliza.